Nana: Shoji alisaliti, Takumi alifanya nini?

Lawama dhidi ya katuni za Kijapani za watu wazima ni ya siku nyingi: eti zinapamba kuchepuka. Msaliti anachorwa mzuri, anapigiwa muziki wa huzuni, na mtazamaji anajikuta anamwonea huruma. Mimi lawama hiyo naipimia kwa Nana, tamthilia ya vipindi 47 ambayo studio ya Madhouse iliitoa kwenye hadithi ya michoro ya Ai Yazawa, iliyokuwa ikichapishwa gazetini, ikaoneshwa Japani kuanzia Aprili 2006 hadi Machi 2007.

Nana Komatsu, binti wa miaka 20 ambaye rafiki yake, naye pia akiitwa Nana, humwita Hachi, anahamia Tokyo kumfuata mpenzi wake Shoji. Kumbe Shoji kazini kashapata mwingine, Sachiko, na Sachiko anajua fika kwamba mwanaume huyo ana mtu. Tamthilia nyingi zingetuletea hapo mwanamke wa kucha ndefu na kicheko cha dharau. Yazawa katuletea msichana mpole, mwenye haya. Tena kabla ya hapo tumeshamwona Hachi akideka na kumtwisha Shoji kila tatizo lake. Wakosoaji wanasema huko ni kumtengenezea msaliti udhuru. Hapa siwaungi mkono. Watu wengi husaliti kwa sababu ndogondogo kama hizo, na anayejiona ndani ya Shoji anaumia zaidi kuliko angeoneshwa shetani mwenye pembe.

Kwa Takumi ndipo ninaposita. Huyu ni mpiga besi wa bendi maarufu ya Trapnest, ambaye Hachi alimhusudu tangu alipokuwa shabiki tu. Anakuja anapotaka, anatoweka anapotaka. Hachi anampenda Nobu, mpiga gitaa asiye na kitu ila moyo mwema. Kisha anapata mimba, na hajui ni ya nani. Takumi anatamka kwamba mtoto atamtambua, awe wake asiwe wake. Nobu bado ameduwaa, mambo yamekwisha.

Hapo hakuna uongo. Shangazi yeyote angesema, mwanangu, umepata mume! Lakini tazama mwendo wake: anaamua haraka, binti hajapata hata nafasi ya kujiuliza anamtaka nani. Ghiliba ya namna hii haina pa kushitakiwa, maana anayelalamika ataambiwa hana shukrani. Ni kali kuliko uchepukaji wote wa Shoji, ila inapita kimyakimya kwa sababu imevaa joho la uungwana. Na kwa kuwa Takumi ana sura, fedha na jina, kijana anayetazama anaweza kudhani kumtawala mtu ndiko kumpenda. Wakosoaji hapo wana haki yao.

Watetezi wana jibu moja lenye uzito: sauti ya msimulizi. Hachi anasimulia akiwa ameshapita yote hayo, anamwita yule rafiki yake mwenye jina kama lake, Nana, na sauti imejaa majuto. Anayesikiliza vizuri haambiwi kwamba ndoa ya Hachi na Takumi ni ushindi. Ila ni hukumu ya chinichini sana, na uzuri wa Takumi unaipigia kelele kila anapotokea.

Tena tamthilia ilikwisha hadithi ya gazetini ikiwa bado inaendelea, na mwaka 2009 Yazawa akaisimamisha kwa ugonjwa. Shoji alishikwa hadharani, akaulizwa, akachagua. Takumi hajawahi kuulizwa.