Njoo Ijumaa

Sisi mafundi cherehani tuna sala yetu ambayo hakuna mchungaji aliyetufundisha: "Njoo Ijumaa." Mteja akija Ijumaa anaambiwa umeme ulikatika. Akija Jumamosi, vifungo vya rangi yake vimekosekana mjini kote. Jumatatu anakuta kitambaa chake ndiyo kwanza kimetandazwa mezani kinakatwa, na bado tunamwambia bila kupepesa macho, "Mama, imebaki pasi tu." Nimeshona hapa Mwanjelwa, Mbeya, kwa miaka 19. Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa mwimbaji wa kwaya, mwalimu wa shule ya Jumapili na mwongo wa Ijumaa, na sikuona kama hayo matatu yanagombana.

Leo nataka kuzungumzia kusudi. Marehemu mama yangu, Mmoravian wa Rungwe, alilijua neno hili kwa maana moja tu: "Umefanya kusudi!" Ukilisikia hilo, ujue fimbo inatafutwa. Siku hizi kusudi ni kitu kilichofichwa mahali, na Mkristo asiyekigundua anaishi bure. Tunaandaliwa semina. Tunafunga na kuomba ili tufunuliwe. Vijana wa miaka 23 wanakonda kwa hofu kwamba wamelipita kusudi lao kama mtu aliyepitilizwa kituo na daladala.

Nami nililitafuta. Nimehudhuria semina tatu, moja ya kiingilio. Katika hiyo ya kiingilio tuligawiwa karatasi tuandike tumezaliwa kufanya nini. Dada aliyekaa kando yangu, mama lishe wa stendi, aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni lazima kuandika, maana yeye anapika tu. Sikumjibu kitu cha maana. Mimi niliandika kwamba nimeitwa kwenye huduma ya wanawake ya kimataifa. Hilo "kimataifa" sijui lilitoka wapi. Hata pasipoti sina.

Mwaka huohuo mama mmoja wa usharika wetu aliniletea kitambaa cheupe cha satini, nimshonee binti yake gauni la kipaimara. Alikileta wiki tatu kabla, akalipa nusu. Nikachukua vipimo, nikamwambia njoo Ijumaa. Nilipokuwa nasema hivyo, chini ya meza yangu palikuwa na sare 32 za kwaya ya usharika mwingine, zenye hela nzuri na tarehe hiyohiyo. Nilijua. Naomba hilo lieleweke, kwa sababu mafundi tukisimulia habari kama hizi huwa tunasema mambo yaliingiliana. Hayakuingiliana. Nilijua hesabu haiendi, nikachukua hela.

Ijumaa nikasema Jumamosi saa kumi. Jumamosi saa kumi wakaja wote wawili, mama na binti, na gauni halina mikono. Nikasema rudini nyumbani, nitalileta mwenyewe usiku. Saa saba ya usiku sindano ikakatika, ya akiba sikuwa nayo, nikaegemeza kichwa kwenye cherehani nipumzike kidogo. Nilizinduka kengele ya kanisa inalia.

Kwaya yetu hukaa mbele, inawatazama washarika, kwa hiyo nilimwona vizuri. Binti alipita na wenzake akiwa na gauni la kuazima, limemzidi mabega, kwapani limebanwa kwa pini mbili. Mikono aliibana mbavuni ili pini zisionekane. Sisi tulikuwa tunaimba kwamba tumejitoa kutumwa popote. Baada ya ibada mama yake hakunigombeza. Alisema, "Fundi, kitambaa nitakipitia wiki hii, usijisumbue." Miaka yote alikuwa ananiita dada.

Nilimrudishia hela yake. Semina sikuzirudia tena, ingawa sitasema niliziacha kwa utakatifu. Niliona aibu tu.

Sasa tuje kwenye ule mstari. Kila mtu anaujua. Uko kwenye kioo cha nyuma cha daladala, kwenye kalenda, kwenye kadi za mahafali, na ndio uliofungua semina zote tatu: Yeremia 29:11. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Nilikuwa nausema kwa kichwa. Sura yenyewe sikuwahi kuisoma kuanzia juu.

Ukiisoma kuanzia juu unakuta ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka kwenda Babeli pamoja na mfalme Yekonia, mwaka 597 kabla ya Kristo. Na ukirudi sura moja nyuma unakutana na nabii mwingine, Hanania, aliyesimama hekaluni mbele ya makuhani akatangaza kwamba katika miaka miwili kila kitu kitarudi: vyombo, mfalme, mateka wote. Yeremia alijibu, "Amina, Bwana na atende hivi." Nampenda Yeremia kwa jibu hilo. Naye angetamani iwe kweli. Lakini haikuwa kweli, na barua aliyowapelekea mateka ilisema miaka 70.

Hebu fikiri wewe ni mwanamume wa miaka 30, umekaa Babeli, barua inasomwa. Miaka 70. Maana yake hapa ndipo utakapozikwa. Na katikati ya kukuambia hivyo, Mungu anakupa kazi: jengeni nyumba mkakae ndani yake, kapandeni bustani mkale matunda yake, oeni, mzae, mkautakie amani mji ule mliochukuliwa mateka na mkauombee kwa Bwana. Hapo ndipo mstari wetu wa kwenye daladala unapokuja, baada ya mboga na nyumba na watoto, tena umeelekezwa kwa watu ambao wengi wao hawatauona mwisho wake.

Kiswahili kinaonyesha mambo mawili ambayo wahubiri wetu wanayaruka. La kwanza, hakuna neno mafanikio pale. Ni amani, amani ileile waliyoambiwa wautakie mji mistari minne juu yake. La pili, ni "ninyi". Mara mbili, "ninyi". Sisi tumeugeuza kuwa "wewe", kila mtu na ndoto yake na karatasi yake ya semina. Mungu alikuwa anawaza habari za kundi zima la watu, pamoja na mama lishe wao na mafundi wao wa nguo.

Nikisema mafundi wa nguo sitanii. Katika kitabu cha Kutoka, 28:3, Mungu anawataja watu aliowajaza roho ya hekima. Kwa ajili gani? Kutoa unabii? Kwa ajili ya kumshonea Haruni mavazi. Kisha anashuka mpaka kwenye mshono: tundu la shingo la joho lizungushiwe ukingo uliofumwa, "lisipasuke". Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu kibandani. Shingo ndiyo inayopasuka kwanza, kila fundi anajua, na Mungu naye anajua! Na Dorkasi wa Yafa, katika Matendo 9, alipokufa wajane walimzunguka Petro wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Hakuna aliyetoa hotuba. Walionyesha nguo. Nami huwa najiuliza, kwa ubaya wangu, kama kulikuwa na mjane mmoja pale nyuma aliyekuwa bado anasubiri Ijumaa.

Kanisa langu linapaswa kuyajua haya kuliko mengine. Wamoravian wawili wa kwanza kutoka Herrnhut, Ujerumani, kwenda kuhubiri ng'ambo mwaka 1732, walikuwa mfinyanzi na seremala: Leonhard Dober na David Nitschmann. Walikwenda kisiwa cha St. Thomas huko Karibi kwa Waafrika waliokuwa watumwa. Mimbarini hupenda kusimuliwa kwamba walijiuza utumwani ili waifikishe Injili. Hawakujiuza. Nitschmann alifanya useremala, na ndio uliowalisha wote wawili. Dober mfinyanzi alikuta udongo wa kule haumfai, ikabidi atafute kazi nyingine. Sehemu hiyo ya udongo ndiyo ninayoipenda zaidi, na sijawahi kuisikia ikihubiriwa. Mtu anavuka bahari kwa wito wa Mungu, anafika, na udongo unakataa.

Lakini hapa lazima niseme na upande wa pili, maana kuna msomaji ambaye tayari amekunja uso. Kumwambia mtu "tulia hapo ulipo, kusudi lako ni hilihili" ni maneno matamu sana mdomoni mwa mwenye nguvu. Huko huko St. Thomas misheni ya Wamoravian baadaye ilinunua shamba pamoja na watumwa wake, na bado ikaendelea kuwahubiria wokovu. Kwa hiyo binti wa kazi anayelipwa kwa kucheleweshewa, akiniambia anatafuta pa kutokea, sitamfungulia Yeremia nimwambie apande bustani. Nitamsaidia kutafuta. Yeremia mwenyewe hakusema Babeli ni kuzuri. Alisema tu msiishi kama watu waliokaa juu ya mizigo stendi, wakingoja basi la miaka miwili ambalo Mungu hakulituma.

Na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiishi. Kibanda changu kilikuwa stendi. Maisha ya kweli, yale ya kimataifa, yalikuwa njiani yanakuja, na ukiwa stendi humjali sana aliyekaa kando yako. Unaweza kumwambia lolote, mradi basi lako lifike. Gauni la mtoto wa watu lilikuwa jambo dogo kwa sababu halikuwa kusudi langu.

Siku hizi asubuhi, kabla ya kutia mafuta cherehani, nasoma neno la siku. Ni desturi yetu ya tangu Herrnhut, ilianza mwaka 1728 neno likipelekwa nyumba kwa nyumba kwa mdomo, likaanza kuchapwa mwaka 1731. Halafu nafungua daftari. Kila nguo ina mstari wake, tarehe iliyoingia, tarehe ya kutoka, na siku ikijaa nachora mstari mwekundu. Mathayo 5:37 nimeibandika kwenye jalada: "Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo." Kufunga na kuomba ni kwepesi kuliko kusema "siyo" mwezi Januari, wazazi wamejipanga na vitambaa vya sare za shule, na kodi ya kibanda inadaiwa.

Natamani niwaambie kwamba baada ya hapo wateja walimiminika. Hawakumiminika. Wengine walipungua, na wamebaki hivyo. Watu wetu wanapenda kudanganywa kidogo; ukimwambia mtu tarehe ya kweli anaona humtaki. Binti ninayemfundisha kazi hunilaumu kwa hilo, na hesabu zake ziko sahihi. Na mimi mwenyewe bado nateleza. Mwezi uliopita nilimwambia mzee mmoja wa kanisa kwamba suruali yake imebaki pasi tu.

Yule mama wa kipaimara alirudi baada ya miaka miwili, na kitenge. Bado ananiita fundi.

Alhamisi iliyopita alikuja mteja mpya, ana sendofu ya mdogo wake Jumamosi. Kitenge kizuri, kizito, mtindo ameuhifadhi kwenye simu.

"Dada fundi, Jumamosi nitapata?"

Nikafungua daftari. Mstari mwekundu.

"Jumamosi hapana, mama. Jumatano ijayo."

"Hata ukijitahidi?"

"Hata nikijitahidi."

Alikunja kitenge chake taratibu, akakirudisha kwenye mfuko, akaniaga vizuri. Kibanda kinachofuata ni cha kaka mmoja tunayeazimana uzi na mkasi, mtu mwema kweli, mwimbaji wa besi. Ukuta kati yetu ni wa mbao, kila neno linapita.

"Hiki tu, mama?" nikamsikia. "Njoo kesho saa nne."