Mkato mmoja, faili zima limevurugika
Jamani, ukinitumia faili la CSV (jedwali la maandishi matupu ambalo mkato ndio unaotenganisha safu), kiasi chenye mikato kifunge kwa alama za kunukuu! Juzi nimepokea orodha ya malipo, kiasi kimeandikwa 1,250,000 hivihivi. Programu inasoma mkato kama mwisho wa safu, basi kiasi kimoja kikawa safu tatu: 1, kisha 250, kisha 000. Vyote vilivyofuata vikasogea, tarehe ikatua kwenye safu ya simu. Kanuni hii ya alama za kunukuu imeandikwa tangu 2005 katika RFC 4180, waraka unaoeleza muundo wa CSV.

Ila kinachoniuma zaidi ni faili za upana maalumu, zisizo na mkato wowote, kila taarifa ina nafasi zake: jina nafasi ya 1 hadi 30, akaunti 31 hadi 43. Chukua jina kama Ng'wandu. Ritifaa ya kawaida ni baiti 1 (kipimo kidogo cha data), lakini ile iliyopinda ambayo Word huiweka yenyewe ni baiti 3 katika UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi kwenye kompyuta. Aliyeandika faili kahesabu herufi, anayelisoma anahesabu baiti; baiti mbili za ziada zinaisukuma akaunti mbele, nayo inapoteza tarakimu mbili za mwisho. Malipo yanakataliwa. Mama wa watu anasubiri hela yake, kisha anaambiwa jina lake lina kasoro. Hapana! Jina ni lake tangu azaliwe, kasoro ni ya sisi tuliounganisha mifumo.

Na tafadhali, usilifungue faili kwa Excel ukalihifadhi tena kabla ya kunitumia. Sufuri za mwanzo wa namba za simu zinafutika zote.