Beeba Boys: majambazi wangeonyeshwa, ila si kwa suti zile

Beeba Boys, sinema ya genge la vijana wa Kipunjabi mjini Vancouver, Kanada, haiwezi kukosa lawama, hasa muongozaji wake akiwa Deepa Mehta, mzaliwa wa Amritsar, mji wa Punjab nchini India. Wapo watakaosema amewaanika watu wake mbele ya Wazungu. Lawama hiyo siipuuzi. Mwaka 1914 meli ya Komagata Maru ilitia nanga Vancouver ikiwa na abiria 376, wengi wao Makalasinga. Ilizuiliwa miezi miwili, kisha karibu wote wakarudishwa Asia. Waliotangulia walipasua mbao viwandani, wakajenga gurdwara, yaani mahekalu ya Makalasinga, wakasomesha watoto. Mjukuu wao ana haki ya kuuliza kwa nini mwenye kilemba apewe bastola, wakati mwaka huohuo wa 2015, sinema hii ilipotoka, Harjit Sajjan, Kalasinga mwenye kilemba, aliteuliwa waziri wa ulinzi wa Kanada. Naye alikulia Vancouver, na aliwahi kuwa askari polisi wa kupambana na magenge.

Lakini maiti zilikuwepo kabla ya kamera. Bindy Johal, jambazi wa Kipunjabi aliyetambulika Vancouver nzima, aliuawa kwa risasi katika klabu ya usiku Desemba 1998, akiwa na miaka 27. Jeet Johar, mhusika mkuu anayechezwa na Randeep Hooda, amefuata nyayo zake waziwazi. Hata ule uhusiano wa Jeet na mwanamke aliyekaa kwenye jopo la kuamua kesi yake una asili: katika kesi ya mauaji ya 1995, ambayo Johal na wenzake waliachiwa huru, mjumbe mmoja wa jopo alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na mmoja wa washtakiwa. Baadaye mjumbe huyo, mwanamke, alihukumiwa kifungo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kwa hiyo mimi niko upande wa Mehta kwa kuigusa mada hii. Ninapoachana naye ni jinsi alivyoigusa. Jambo zito kuhusu magenge haya ni kwamba wengi wa vijana wake hawakusukumwa na njaa. Wametoka kwenye nyumba zenye wazazi wote wawili, baba ana kazi, chakula kipo mezani. Jeet mwenyewe, muuaji, anaishi kwa wazazi wake na kudekezwa na mama yake. Hapo ndipo palipostahili kuchimbwa: mama anajua nini, na anajifanya hajui nini? Mehta aliyekaa na wajane kwa subira kubwa katika sinema yake ya Water, mwaka 2005, angeliweza hilo.

Badala yake tunapewa suti za rangi kali, utani na milio ya risasi. Mtu akiuawa, hatukai na wafiwa. Tunahamia kwenye vituko vingine. Kijana wa miaka 16 wa kule Surrey, jirani na Vancouver, akiitazama, nahofia atatoka akiitamani suti.