Mtoto Aliyetangulia Harusi ya Wazazi Wake

Kosa langu la kwanza ni kukubali. Mavyaa wangu alikuwa anakaribia kutimiza miaka 80 na wanawe walikuwa wameishiwa na zawadi. Skafu anazo, birika analo, maua anapanda mwenyewe. Mume wangu akasema, "Mama siku zote anatamani kuujua ukoo wa baba yake." Wote wakanigeukia mimi. Mimi ndiye niliyeolewa kutoka Unguja nikaja kuishi nao Uingereza, na kwa fikra zao sisi watu wa visiwani tunazaliwa tukijua nasaba.

Nikajisemea, kazi gani hii? Kwetu ukitaka nasaba unamwendea mzee, anafumba macho, anaanza: fulani bin fulani bin fulani, mpaka wewe unasinzia na yeye bado yuko njiani. Uingereza hakuna wa kufumba macho. Kuna daftari. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila kanisa la kijiji liweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Serikali yenyewe haikuanza kusajili vizazi na vifo mpaka Julai 1837. Kwa hiyo maskini wa kijijini wa kabla ya hapo, asiye na shamba wala kesi, pengine katika maisha yake yote ameandikwa mara tatu tu: alipotiwa maji, alipooa na alipotiwa mchanga.

Kijiji cha ukoo wa mavyaa kiko Suffolk, mashariki ya nchi. Kanisa la mawe ya gumegume, makaburi yameinama huku na huku kama wazee wanaonong'onezana. Lakini madaftari ya zamani hayakai kanisani tena, yamehamishiwa nyumba ya nyaraka ya kaunti. Huko ndiko nilikokwenda, na mlangoni nikanyang'anywa mkoba, kalamu, chupa ya maji na peremende. Ukaachiwa penseli, ushukuru. Bibi mtunza nyaraka akaniletea mto wa sponji wa kulazia kitabu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Chukua nyoka wawili uwalaze juu ya ukurasa."

Nikarudisha kiti nyuma. Kumbe nyoka ni kamba za kitambaa zilizojazwa chembe za madini ya risasi, za kuzuia karatasi isijikunje. Ningeambiwa mapema nisingesema "Audhubillahi" kwa sauti mle ndani.

Miezi mitatu nilikuwa naenda kila Jumamosi. Nilianza na sensa, maana kuanzia ile ya 1841 majina ya watu yanaonekana nyumba kwa nyumba. Hapo nikacheka peke yangu. Karani wa 1841 aliagizwa kuteremsha umri wa watu wazima hadi tano au kumi iliyo karibu, kwa hiyo kijiji kizima kina miaka 25, 30, 35, kama wazee wetu wanaozaliwa wote tarehe moja Januari siku ya kwenda kuchukua kitambulisho. Mavyaa alikuwa akitueleza kwamba wazee wake walikuwa watu wa ardhi. Sensa ikasema, mstari kwa mstari, vibarua wa shamba. Ardhi walikuwa nayo kweli, kwenye kucha.

Kurudi nyuma zaidi ndiko kulikonizeesha. Wanaume wote ni John, William au Thomas. Mtoto akifa, anayefuata anapewa jina lile lile, kwa hiyo katika nyumba moja nimewakuta akina John watatu, na wawili walishazikwa kabla wa tatu hajatambaa. Jina la ukoo limeandikwa kwa namna sita, kila kasisi na sikio lake. Halafu ile herufi s ya zamani, ndefu kama f: nilisoma Jofeph, nikasoma Sufan, nikasema basi, ukoo una kithembe. Wiki mbili nzima nilimtafuta Bi Sufan kwenye mtandao.

Kwa mavyaa nilikuwa nimefika mbali kuliko lugha yetu. Sisi tuna mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza, halafu Kiswahili kinakaa chini kupumzika. Mimi nilivipita vyote hivyo nikaendelea, mpaka nikamfikia John mmoja, baba wa wote, aliyebatizwa Februari 1721. Wazazi wake John na Mary. (Usicheke, nao ndivyo walivyoitwa.) Nikafungua upande wa ndoa kuwatafuta hao wazazi, nikawapata: wamefunga ndoa Oktoba 1721.

Nikahesabu. Nikahesabu tena kwa vidole. Mtoto Februari, harusi Oktoba. Kijana alikuwa na miezi minane siku ya ndoa ya mama yake. Angeweza kukalishwa meza ya mbele.

Sasa nikiri hapa jambo moja. Ishara niliiona. Katika daftari lile Januari na Februari zilikaa chini kabisa ya mwaka, baada ya Desemba. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nilimsikitikia kasisi. Nikasema huyu bwana divai ya altareni imemzidi nguvu, kasahau miezi miwili, kaja kuichomeka mwishoni. Ukurasa wa pili vile vile. Wa tatu vile vile. Nikasema kweli, mlevi hasa.

Mti wa ukoo nikautengeneza vizuri sana. Duka la fremu lilinitoza fedha ambayo mpaka leo mume wangu hajaambiwa kamili. Juu kabisa John na Mary, chini yao matawi yanashuka hadi kwa mavyaa na wajukuu. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa ukweli, pembeni ya yule mtoto wa 1721 nikatia kinyota kidogo, na chini kwenye kona, kwa herufi ndogo mno, nikaandika: alizaliwa kabla ya ndoa.

Siku ya chakula cha mchana tulikuwa watu ishirini na mbili. Mavyaa amevaa vizuri, wale mabibi wenzake wa kamati ya maua ya kanisa wamekaa kulia na kushoto kwake. Zawadi ikafunuliwa, watu wakapiga makofi, mavyaa machozi yakamlenga. Akasema, "Familia yetu haikuwa na mali, lakini ilikuwa na heshima zake."

Mtoto wa wifi yangu, ana miaka tisa na macho kama kipanga, akanyoosha kidole. "Bibi, huyu mwenye nyota alishinda nini?"

Kimya. Bibi mmoja wa kamati ya maua akatoa miwani, akaisogelea ile kona. Akasoma. Kwa sauti.

Mwingereza akikasirika hapandishi sauti. Mavyaa alitazama fremu, akanitazama mimi, akasema, "Inavutia sana," kisha akainuka kwenda kuchemsha chai. Miaka kumi na moja nimekaa nchi hii. Najua "inavutia sana" ni kitu gani. Wifi yangu akamfuata jikoni. Mume wangu akaanza kuzungumzia mvua.

Usiku nikampigia simu mama yangu, yuko kwetu Makunduchi, Unguja. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Makubwa haya! Umemvua nguo mavyaa wako mbele ya wageni?"

"Mama, ni historia."

"Historia! Huku kwetu nasaba husomwa, na pakifika pa kurukwa huruka. Nani kakufundisha kutia nyota?"

Jumamosi iliyofuata nikarudi kwenye nyaraka, nia yangu nipate ushahidi zaidi. Nikamwita bibi mtunza nyaraka, nikamwonyesha Februari, nikamwonyesha Oktoba, nikamweleza na habari ya kasisi mlevi. Alinitazama kwa huruma ileile niliyompa kasisi.

"Wakati huo," akasema, "mwaka Uingereza ulianza tarehe 25 Machi."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Mwaka wa kanisa na wa sheria ulibadilika tarehe 25 Machi, sikukuu ya Jibrili kumletea Bi Maryamu habari ya mimba. Miezi tisa kamili kabla ya Krismasi. Yaani kalenda yenyewe ilihesabiwa kwa mimba. Tarehe 24 Machi ni 1721, ukilala ukiamka ni 1722. Kwa hiyo Februari 1721 haikutangulia Oktoba 1721. Iliifuata. Scotland walikwisha hamia Januari tangu mwaka 1600, Waingereza wakakaza shingo hadi 1752. Mwaka huo ndio pia waliosahihisha kalenda, wakalala tarehe 2 Septemba wakaamka tarehe 14. Ndiyo maana mpaka leo mwaka wao wa kodi huanza 6 Aprili: ni mwaka ule wa zamani wa Machi, uliosukumwa mbele kwa sababu ya zile siku zilizofutwa. Mimi hiyo kodi nalipa kila mwaka na sikuwahi kuuliza kwa nini serikali inaanza mwaka wake siku ya ajabu namna hii.

"Halafu," akaongeza, "angekuwa wa nje ya ndoa, kasisi asingenyamaza. Angeandika waziwazi, mara nyingi jina la mama peke yake. Mtoto asiye na baba alilishwa na fedha za parokia, kwa hiyo wakubwa wa parokia walimsaka baba kwa bidii kuliko polisi."

Lililonichoma ni jingine. Mimi, mtoto wa Makunduchi! Kwetu Mwaka Kogwa ni Julai, wanaume wanapigana kwa migomba ndipo mwaka unaanza. Mwaka wa Kiislamu unaanza Muharram. Saa yetu inaanza kuhesabu jua likichomoza. Tena saa hiyo ndiyo iliyonipa jina baya kwa mavyaa. Mwezi wa kwanza wa ndoa nilimwalika chakula, nikamwambia aje "saa saba" kwa Kiingereza changu cha kutafsiri. Nikapika pilau kwa saa saba ya mchana. Alifika saa moja usiku, na shada la maua, pilau limekuwa changarawe. Tangu hapo kila nikimwalika huuliza mbele za watu, "Saba yetu au saba yenu?"

Basi nilikwenda kwake mbio, nimebeba nakala ya ukurasa. Alinifungulia mlango, akanikaribisha kwa adabu iliyokuwa baridi kama sakafu. Sikukaa.

"Mama, nimekuja kuomba radhi. Na nina jambo. Miaka yote umenicheka kwa saa saba yangu. Kumbe nyinyi mwaka wenu ulianza Machi!"

Nikatandaza ukurasa mezani, nikamfafanulia. Hakuwa akijua. Alivaa miwani, akafuata mistari kwa kidole: Oktoba, Novemba, Desemba, kisha Januari na Februari chini kabisa, mahali pake. Uso ukaanza kulainika. Nikamwambia harusi ilitangulia, mtoto akafuata, kasisi alikuwa mzima wa akili, ukoo una heshima yake kama alivyosema. Nyota naifuta leo leo, fremu naifungua kwa gharama yangu.

Akanishika mkono. "Nilijua," akasema. "Nilijua tu."

Akaenda kuweka birika jikoni. Nikakaa, roho imetulia. Kisha nikaona kwamba birika linachemka na mtu hamimini. Nikachungulia. Mavyaa amesimama mbele ya dirisha, mkono mmoja juu, anakunja vidole kimoja kimoja, midomo inacheza. Novemba. Desemba. Januari. Februari.

Kidole cha tano hakikupata mwezi.

Alirudi na vikombe viwili, akaketi, akakoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji.

"Ile nyota," akasema, "usiifute. Ipunguze tu."