Mbele Shimo, Nyuma Koti

Kabla hujanicheka, ijue kwanza ngazi yenyewe.

Makanisa ya zamani ya Wales, hasa yale madogo ya mashambani ambayo majina ya vijiji vyake huanza na neno Llan, yaani kanisa, yalikuwa na kiambaza cha mwaloni kati ya waumini na altare. Juu ya kiambaza palikuwa na roshani, na juu ya roshani msalaba mkubwa, Maria huku na Yohana kule. Aliyekwenda kuwasha mishumaa huko juu mara nyingi alipita ngazi iliyofichwa ndani ya unene wa ukuta. Mwaka 1561 Malkia Elizabeth wa Kwanza akaamuru roshani zishushwe, viambaza viachwe. Zikashushwa karibu zote. Partrishow, milimani karibu na Abergavenny, roshani ipo mpaka leo, na kwenye boriti yake kuna mazimwi ya kuchongwa yanayotafuna mzabibu kama mbuzi waliofunguliwa shambani kwa watu. Kwingine mbao zilikwenda zake, ngazi ikabaki. Unapanda, unazunguka, unafika mlangoni, na mlango unafungukia hewani, mita tatu juu ya sakafu.

Kwenye mlango wa namna hiyo ndipo niliponasa. Kanisa silitaji jina, bado sijalipwa.

Kilichonipeleka ni chokaa. Kazi hiyo niliijulia Lamu, kwenye kuta za matumbawe, na ugonjwa wa Wales ni ule ule wa Lamu: mtu mwema kaja na saruji. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa mvua, halafu huitema jua likitoka. Ukiuvika saruji kwa nje na rangi ya plastiki kwa ndani, umemvalisha mtu koti la mvua halafu umemwambia acheze mpira. Jasho halina pa kutokea. Rangi inafura mapovu, lipu inakuwa unga, na mwenye kanisa anakuja na ndoo nyingine ya saruji. Dawa ni kubandua yote taratibu, kupiga lipu ya chokaa kipimo kimoja kwa mchanga vitatu, na singa ndani yake ili isipasuke, kisha kupaka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, ukiulowesha ukuta kabla ya kila mkono. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 5, weka brashi chini. Chokaa ikiganda usiku, asubuhi unaikuta sakafuni.

Siku hiyo hatukuwa na kazi ya kupaka. Nilitaka kuona tu maji yanapoingilia, maana kulikuwa na doa bichi juu ya tao, ukubwa wa sinia ya pilau. Ngazi yetu ya alumini ilikuwa juu ya gari, na gari alikuwa nalo mpwa wangu, amekwenda mjini kuleta mchanga. Mtu mwenye akili angesubiri. Mimi nikaiona ile ngazi ya ukutani.

Mzee wa kanisa, bibi wa miaka themanini na ushee, alikuwa anapanga maboga na matofaa mezani kwa ajili ya ibada ya shukrani ya mavuno. Akaniambia, "Angalia, bach, mle ndani ni pembamba." Bach kwa Kiwelisi ni neno la mapenzi. Maana yake hasa ni "mdogo."

Nilikuwa nimevaa koti la baridi, lile lililojazwa pamba kama godoro. Mfuko wa kulia futi kamba ya mita 5, wa kushoto chupa ya chai.

Kupanda hakukuwa na shida, na hapo ndipo ngazi hizi zinapodanganya. Ukipanda unainama, bega moja linatangulia, tumbo linafuata upande wa nje ambako kidaraja ni kipana. Koti nalo linabaki chini mahali pake. Vidaraja ni virefu kwenda juu, umbo la kipande cha keki, na upande wa nguzo ya kati havitoshi hata kidole gumba cha mguu. Nikafika juu. Simu nikaiweka kidarajani, nikatoa kichwa, mkono wa kulia na kifua kupitia ule mlango, nikatazama juu.

Jibu nililipata palepale. Paa za huko ni za vigae vya mawe, na vigae vyenyewe vina vyeo: cha inchi 24 kwa 12 kinaitwa Duchess, cha 20 kwa 10 Countess, cha 16 kwa 8 Lady. Kwenye pembe ya paa mwanga wa mchana ulikuwa unaingia mahali ambapo Countess mmoja ameteleza. Msumari umeliwa na kutu, kigae kimeshuka, maji yanaporomoka juu ya ukuta moja kwa moja. Kazi ya saa moja. Nikafurahi, nikarudi nyuma.

Sikurudi.

Pindo la koti lilikuwa limeshika kwenye jiwe la kizingiti. Kila nikirudi nyuma, koti lilipanda mgongoni na kujikunja kwapani, nikawa kama kizibo cha chupa: ukikivuta ndiyo kinazidi kufura. Mkono wa kushoto ulikuwa ndani, umebanwa na chupa ya chai. Ule wa kulia uliweza kushusha zipu mpaka kifuani, basi. Kusonga mbele nako ni kuanguka mita tatu juu ya maboga. Mbele shimo, nyuma koti.

Bibi akainua macho, akaniona nimechungulia ukutani kama muadhini aliyeibiwa mnara.

"Umenasa, bach?"

"Napumzika," nikasema.

Shauri lake la kwanza lilikuwa siagi. Kwenye meza ya mavuno palikuwa na kipande kizuri, angalau nusu kilo. Nikakataa kwa sauti iliyomshtua: mafuta yakiingia kwenye jiwe, chokaa haishiki tena pale, inabanduka kila ukipaka. La pili lilikuwa kuuchonga mlango kidogo. Mwenyewe akajikatalia. Kanisa la kale kama lile huligongi hata msumari bila kibali cha dayosisi, na kibali kina maombi, michoro na kikao. Akanitazama, nadhani akipiga hesabu ya chakula.

Ndipo akaenda kwenye ukuta wa nyuma, akalitungua koleo la mbwa.

Hiki si kitu cha kutunga. Wachungaji, namaanisha wale wa kondoo wenye manyoya, walikuja ibadani na mbwa wao, na mbwa wakisalimiana kwa meno katikati ya mahubiri, mzee wa kanisa aliwatoa na chombo kinachoitwa gefail gŵn. Llaneilian, kisiwani Anglesey, lipo moja lenye tarehe ya 1748, na Clynnog Fawr lipo jingine. Ni fito za mbao zilizopishana kama mikasi mingi iliyoungwa mmoja kwa mwingine, na mwisho wake taya zenye misumari. Ukibana mishikio, koleo linarefuka na taya zinafumba kwa pamoja. Ukiachanisha mishikio, linafupika na taya zinafumbua.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho, maana bibi hakuwa ameielewa.

Akapanda kwenye benchi, akabana mishikio, koleo likaruka juu kama ulimi wa kinyonga, likauma kofia yangu. Akaachanisha mishikio ili avute. Taya zikafumbua, kofia ikaanguka kwenye matofaa. Mara ya pili sikio. Sikio, kwa bahati, lilichomoka. Mara ya tatu akapata ukosi wa koti, akashangilia, akaachanisha mishikio, akabaki amevuta hewa.

Tulikuwa tumefika mara ya saba pale mpwa wangu alipoingia na mfuko wa mchanga begani. Akasimama. Akautua mfuko polepole.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Usipige picha."

Akapiga. Kisha akalitazama lile koleo likirefuka na kufupika mara mbili, akasema, "Bibi, usiachie mishikio. Bana, ubaki umebana, halafu tembea kinyumenyume."

Na ndivyo lilivyotumika zamani, nina hakika. Mbwa havutwi kwa mikono. Anavutwa kwa miguu ya mzee wa kanisa anayerudi nyuma kuelekea mlangoni. Mpwa akapanda benchini badala ya bibi, akauma ukosi nyuma ya shingo yangu, akabana, akashuka, akaanza kurudi nyuma akipita katikati ya mabenchi. Mimi nikajivuta upande wangu. Koti likaenda nje, mimi nikaenda ndani, likanivuka kichwani kama mtoto anavyovuliwa fulana, na mkono wa kushoto ukachomoka pamoja na bitana ya mfuko. Chupa ya chai ilitua kwenye boga kubwa kuliko yote. Boga lilikuwa zima. Chupa haikuwa.

Nilishuka nikiwa na shati tu, kinyumenyume, uso ukielekea vidaraja kama mtu anayeshuka mnazi, na nafasi ilitosha. Chini nikachukua futi kamba yangu kutoka kwenye koti, nikampa mpwa apande na ngazi ya alumini, maana sasa ilikuwepo, apime ule mlango. Upana sentimita 43. Akashuka, akanipima na mimi nikiwa nimevaa koti. Nambari hiyo ninayo.

Bibi alikuwa anachomoa nyuzi za pamba kwenye misumari ya koleo, moja moja, na kuziweka kwenye bahasha.

"Za nini, Bibi?"

"Za kumbukumbu. Mbwa wa mwisho hakuna aliyeandika jina lake."

Halafu juu, ndani ya ukuta, simu yangu ikaanza kuita. Mpwa wangu akalitazama tumbo lake mwenyewe, akavua koti, akavua na sweta.