Dry Red ya Mjomba

Kamati ya send-off pale Kikuyu, Dodoma, ilimkabidhi mjomba wa binti vinywaji kwa sababu moja tu: ndiye mwenye miwani ya kusomea. Mimi nilipangiwa barafu, kwa hiyo niliyaona yote.

Alileta chupa 6 za mvinyo mwekundu zilizoandikwa "dry", akazimimina zote kwenye ndoo, kisha akatia maji lita 9.

"Si wameandika umekaushwa? Mlenda mkavu nao mnaupika bila maji?"

Akina mama waliokuwa wakipembua mchele wakaitikia. Hoja ilikuwa na mashiko.

Ila "dry" ya mvinyo haihusiani na maji. Zabibu zikishapondwa, hamira hula sukari yake na kuigeuza kilevi. Ikila karibu yote, kwa kawaida ikabaki chini ya gramu 4 kwa lita, mvinyo unaitwa "dry", yaani hauna utamu. Sukari nyingi ikibaki, huo ni "sweet", na ndio ambao ukoo mzima ulikuwa unautaka. Sasa piga hesabu ya ndoo: mvinyo lita 4 na nusu wenye kilevi asilimia 12, ukitia maji lita 9, unabaki na asilimia 4 na uchachu usioeleweka. Mjomba akaonja, akakunja uso, akamwagia sukari kilo nzima. Ikawa juisi ya watoto, na watoto wakafukuzwa wasiisogelee.

Mvinyo mweupe ulikuwa na maneno "serve chilled". MC akatangaza kwamba huo ni wa watu waliochill, hivyo wote walegeze tai kwanza. Maana yake ni upozwe, nyuzi 8 hadi 12 hivi. Zamisha chupa kwenye barafu iliyochanganywa na maji, nusu saa inatosha. Barafu tupu hukawia kwa sababu vipande vyake haviigusi chupa pande zote. Barafu yangu ilikuwa imeshaishia kwenye soda.

Ikabaki chupa moja nyekundu, zawadi ya mkulima wa zabibu wa Hombolo, imeandikwa "full-bodied". Huo ni mvinyo mzito, unaojaa mdomoni, mara nyingi wenye kilevi kingi kidogo. Mjomba akavaa miwani, akaibeba hadi meza ya wakwe, akawaruka wote, akaitua mbele ya shangazi wa bwana harusi, mama mwenye kilo zake.

"Shikamoo shangazi. Hii wameandika ni ya wenye mwili uliojaa."

Shangazi akaipima chupa kwa macho.

"Marahaba. Lete ya pili, baba. Hii ni ya mguu mmoja."