"Ni plagi tu"

Jamani nyinyi mnaouza trekta za kukatia nyasi za mtumba hapa Malindi, muogopeni Mungu kidogo! Eti "haijatumika sana boss, ilikuwa ya mzungu." Haijatumika sana ndio ugonjwa wenyewe! Imekaa nyuma ya villa huko Casuarina yala chumvi ya bahari kaskazi na kusi, petroli imelala ndani ya kabureta mpaka imekuwa gundi, vijitundu vyote vimeziba, halafu nauliza mbona haiwaki waniambia ni plagi tu, kile kidude cha kutoa cheche. Plagi tu? Na betri iliyokufa nayo ni plagi? Na mkanda uliochanika chanika? Hebu inama chini pale penye visu, chokoa kidogo na bisibisi, bati limeoza kwa kutu, bisibisi yatokea upande wa pili! Lakini juu rangi mpya, bado yanukia. Nani hapa hajauziwa rangi? Tena spea usiniambie, waagiza mkanda Mombasa waletewa wa mashine nyingine kabisa, mfupi, na fundi bila haya asema "tutaulazimisha." Utaulazimisha vipi, kwani ni mtoto hataki kwenda chuoni?